Bomba, Choo na Uwanja: Misingi ya Bustani ya Pamoja Kibera

Bustani ya pamoja yenye kituo cha huduma ni kipande cha ardhi kinachobeba kazi mbili: kupumzisha watu na kuwapatia mahitaji yao ya kila siku. Upande mmoja kuna kivuli, viti, bembea na mahali pa kuchezea mpira. Upande wa pili kuna bomba la maji, vyoo, bafu, sehemu ya kufulia, ukumbi mdogo, na pengine darasa la chekechea au meza ya kuwasaidia watu kujaza fomu za serikali. Katika mitaa yenye nafasi mambo haya hutengana: bustani huwa ya manispaa, maji hufika nyumbani, na ofisi huwa mjini. Katika mtaa uliobanana kama Kibera, jijini Nairobi, hulazimika kukaa pamoja, kwa sababu ardhi iliyobaki wazi ni kidogo na fedha za kuitunza ni kidogo zaidi.

Kibera ni mahali pazuri pa kuchunguzia suala hili kwa sababu majaribio yamefanyika hapo kwa muda mrefu. Tangu 2006 shirika la Kounkuey Design Initiative limekuwa likishirikiana na vikundi vya wakazi kugeuza madampo na kingo za vijito kuwa viwanja vya pamoja. La kwanza lilikuwa eneo la Silanga, kando ya Bwawa la Nairobi. Uzoefu uliopatikana unaonyesha jambo moja ambalo mipango mingi ya miji hulipuuza: katika mtaa wenye watu wa asili nyingi, bustani haidumu kwa kupambwa na alama za kila kabila. Hudumu pale huduma za lazima zinapowaleta watu wote mahali pamoja, zinapoingiza fedha za matunzo, na pale kanuni za kuziendesha zinapoeleweka na kila anayezitumia.

Mji uliogawanywa kwa ramani

Mchanganyiko wa watu wa Nairobi una historia yake katika mipango ya ardhi. Chini ya utawala wa Waingereza, Wazungu walikaa magharibi, kwenye vilima vyenye hewa na nafasi, Wahindi walijikita Ngara na Parklands, na Waafrika walisukumwa upande wa mashariki. Mpango mkuu wa mji wa 1948 ulitumia lugha ya vitengo vya ujirani, kila kimoja kikiwa na uwanja na huduma zake, lakini mgawanyo wa nafasi ulifuata mipaka iliyokwisha kuwekwa kwa rangi ya ngozi.

Hata hivyo, mitaa ya Waafrika ya wakati huo iliacha fundisho moja. Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940, ulipangwa kuzunguka ukumbi wa kijamii wenye eneo la wazi. Ukumbi huo haukubaki mahali pa dansi na masomo ya jioni tu. Uligeuka pia kuwa mahali pa mikutano ya siasa, jambo ambalo serikali ya kikoloni haikulikusudia. Mahali pa pamoja panapopatikana, watu hukipa kituo kazi zao wenyewe, na mbunifu mwenye busara huacha nafasi kwa ajili hiyo.

Kibera ilianza kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20, askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles waliruhusiwa kukaa katika msitu uliokuwa nje ya mji, bila kupewa hati za ardhi. Mji ulipokua, wakaja Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii, Wakikuyu na wengine, wengi wao wakiwa wapangaji wa vyumba vya mabati na udongo. Vijiji vikajipanga kwa majina yanayojulikana hadi leo: Makina, Laini Saba, Lindi, Silanga, Mashimoni, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Kianda, Soweto na vinginevyo. Ardhi imebaki kuhesabiwa kuwa ya serikali, isipokuwa ekari 288 ambazo Wanubi walipewa hati yake ya pamoja mwaka 2017.

Tofauti za asili si za majina peke yake. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Kibera ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi. Soko la Toi liliteketezwa na reli inayopita katikati ya mtaa iling'olewa. Mipaka baina ya vijiji, ambayo siku za kawaida mtu huivuka bila kuifikiria, ikawa mistari ya hatari. Kwa hiyo swali la mahali pa kuweka kituo cha pamoja, nani akiendeshe na lango litazame wapi, linagusa usalama wa watu moja kwa moja.

Njia mbili za kuukubali mchanganyiko

Kuna namna mbili kubwa za kubuni bustani kwa ajili ya watu wa asili nyingi. Ya kwanza ni kuonyesha asili hizo. Mfano wake maarufu ni Superkilen, bustani iliyofunguliwa mwaka 2012 katika mtaa wa Nørrebro jijini Copenhagen, Denmark, unaokaliwa na wahamiaji wengi. Wabunifu wake, Bjarke Ingels Group, Topotek 1 na kikundi cha wasanii cha Superflex, waliwauliza wakazi wangependa vitu gani kutoka nchi walizotoka. Matokeo yake ni ukanda wenye urefu wa takriban mita 750 uliojaa vitu zaidi ya mia moja: bembea kutoka Iraki, chemchemi ya Kimoroko, goli la mpira wa kikapu kutoka Somalia, hata udongo wa Palestina. Mwaka 2016 mradi huo ulipata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan.

Njia hiyo ina nguvu yake. Mtu aliyehama huona sehemu ya kwao ikiheshimiwa hadharani, na mtoto wake hukua akiiona kuwa ya kawaida. Lakini inategemea manispaa yenye uwezo wa kufagia, kupaka rangi na kurekebisha kila mwaka, na wakazi ambao tayari wana maji na choo nyumbani. Hata huko Copenhagen, rangi ya uwanja mwekundu wa Superkilen ilipauka na kuhitaji matengenezo makubwa.

Njia ya pili huanza na mahitaji ambayo hayana kabila. Kila mtu huhitaji maji, huenda haja, hufua nguo na hutaka mtoto wake acheze mahali asipoumia. Kituo kinachotoa huduma hizi kwa bei inayolingana kwa wote huwakutanisha watu mara kadhaa kwa siku bila kuwaita kwenye sherehe ya umoja. Ujirani hujengeka kwenye foleni ya maji na kwenye karo la kufulia, pale ambapo watu wawili hulazimika kukubaliana nani atangulie. Hii ndiyo njia iliyofuatwa Kibera, na hapo ndipo masuala magumu ya ubunifu yanapoanzia.

Kuchagua mahali

Hatua ya kwanza ni ardhi, na mtaani Kibera ardhi iliyo wazi huwa wazi kwa sababu fulani. Mara nyingi ni ukingo wa mto unaofurika, dampo, au hifadhi ya barabara na reli. Eneo la Silanga lilikuwa ukingo wa kijito uliojaa taka, karibu na Bwawa la Nairobi. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953 kama hazina ya maji ya mji, na baadaye likazibwa na tope, majitaka na magugumaji. Ukingo wake ulikuwa tatizo kwa kila mtu na mali ya mtu yeyote aliyekuwa na ubavu wa kuukalia.

Kanuni za maji za Kenya hutaka ukanda wa kando ya mto, wenye upana wa kuanzia mita 6 hadi 30 kutegemea ukubwa wa mto wenyewe, uachwe bila ujenzi. Hapa kuna fursa na mtego. Fursa ni kwamba uwanja wa mchezo, bustani ya mboga na viti vya ngazi kando ya maji ni matumizi yanayokubaliana na kanuni hizo: mto ukifurika, maji hupita juu yake na uwanja huoshwa, kisha kazi inaendelea. Mtego ni kwamba jengo la vyoo lililowekwa ndani ya ukanda huo linaweza kubomolewa wakati wowote, kama ilivyotokea kwa nyumba nyingi za kingo za mito ya Nairobi baada ya mafuriko ya 2024, na tangi lake la majitaka likijaa huchafua mto uleule unaokusudiwa kusafishwa. Suluhisho ni kukigawa kituo kwa kimo cha ardhi. Vitu vyepesi hukaa chini kando ya maji. Vyoo, ukumbi na darasa hukaa juu, kwenye kiwanja kilicho nje ya ukanda, na sehemu hizo mbili huunganishwa kwa ngazi na mteremko wa kiti cha magurudumu.

Ukingo wenyewe hushikiliwa kwa gabioni, yaani masanduku ya wavu wa waya yaliyojazwa mawe. Faida yake ni kwamba mafundi wa mtaani huweza kuyajenga bila mitambo, na ardhi ikitikisika hujipinda kidogo bila kupasuka kama ukuta wa saruji. Yakipangwa kwa ngazi, yanakuwa pia viti vya watazamaji wa mpira. Udhaifu wake ni waya: wavu ukikatwa na mtu anayetafuta chuma chakavu, mawe hutawanyika kwenye mvua ya kwanza. Kwa hiyo hata ukuta wa mawe unahitaji mlinzi.

Jambo la pili ni njia. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kupita kwenye vichochoro vya Kibera. Choo kilichojengwa ndani kabisa ya kijiji, bila bomba la majitaka, kitahitaji watu wa kukitapisha kwa mikono, na mara nyingi kitaishia kumwagwa mtoni. Hivyo ni heri kituo kiwe kwenye barabara inayopitika, au pale ambapo bomba kuu la majitaka linaweza kufikiwa kwa mteremko wa asili, hata kama mahali hapo si katikati ya kijiji.

La tatu ni mpaka. Kituo kilichowekwa katikati ya kijiji kimoja huonekana cha kijiji hicho. Kilichowekwa mahali ambapo vijiji viwili vinakutana huweza kutumiwa na wote, lakini kwa sharti la kuwa na lango kila upande. Lango moja humpa anayelishika mamlaka ya kuamua nani aingie. Malango mawili au matatu, yenye njia inayokatiza katikati, hufanya eneo liwe sehemu ya safari ya kila siku ya watu: anayekwenda kazini, mwanafunzi, mama mboga anayerudi na mzigo. Daraja dogo la miguu kwenye kijito, kama lile lililojengwa Silanga, huleta watu wengi kuliko tangazo lolote.

Kuwasikiliza wasiosema mkutanoni

Ushirikishwaji wa wananchi umo katika Katiba ya Kenya ya 2010, na kila mradi hudai kuuzingatia. Ugumu ni kujua nani ameshiriki. Baraza la chifu huhudhuriwa zaidi na wanaume watu wazima, wazee wa vijiji na wenye ploti. Wapangaji, ambao ndio wengi, huwa kazini. Wanawake wengine hukaa nyuma bila kusema. Vijana huja wakiahidiwa vibarua, na watoto, ambao ndio watakaoutumia uwanja kuliko yeyote, hawaalikwi kabisa.

Kwa sababu hiyo wabunifu wazoefu huendesha mazungumzo kwa makundi tofauti na saa tofauti. Wafua nguo huulizwa asubuhi wakiwa kwenye maji yao. Wapangaji wanaofanya kazi Viwandani huulizwa Jumapili alasiri. Watoto hupewa udongo, kadibodi na vijiti wajenge uwanja wanaoutaka, na mara nyingi wanachojenga hutofautiana na bembea za kununuliwa ambazo wafadhili huzipenda. Waislamu wa Makina na Waadventista, ambao ni wengi miongoni mwa Wakisii, huulizwa kuhusu siku zao za ibada, ili mikutano mikubwa na kazi za kujitolea zisiangukie Ijumaa adhuhuri au Jumamosi. Lugha ya mazungumzo ni Kiswahili cha mtaani, lakini bibi wa Kinubi au mzee aliyetoka Siaya juzi huhitaji mtu wa kumtafsiria, na kumwekea mtu huyo ni sehemu ya bajeti.

Baada ya hapo huja swali la hesabu. Kwa miaka mingi ilisemwa kuwa Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ilihesabu 170,070. Anayebuni vyoo kwa kutegemea makisio ya kwanza atajenga vingi ambavyo havitajilipa. Anayetumia takwimu za sensa bila kuhesabu wapita njia, wanafunzi na wachuuzi wa mchana atajenga vichache. Njia ya uhakika ni kuhesabu papo hapo: watu wangapi wanapita kona hii kuanzia alfajiri hadi usiku, wangapi wanachota maji, na sasa wanakwenda choo kipi kwa bei gani.

Mambo madogo kwenye mchoro

Mchoro mzuri hutofautiana na mbaya katika vitu vinavyoonekana vidogo. Karo za kufulia zikiwekwa nyuma ya jengo la vyoo, mama anayefua hawezi kumwona mtoto wake. Zikiwekwa zikiutazama uwanja, uwanja hupata walinzi kumi bila mshahara. Milango ya vyoo vya wanawake ikielekea kichochoroni, hakuna atakayekwenda usiku. Ikielekea eneo la wazi lenye taa, watakwenda. Taa ndefu ambazo Wakenya huziita mulika mwizi huangaza paa za nyumba vizuri kuliko vichochoro, kwa hiyo kituo huhitaji pia taa zake za chini, kwenye mlango, kwenye ngazi na juu ya bomba.

Choo chenyewe kina masharti ya watu wengi. Waislamu hutumia maji kujisafisha, hivyo kila tundu lahitaji bomba dogo au angalau mahali pa kuweka kopo na maji ya karibu. Wengine hutumia karatasi, inayohitaji pipa au bomba pana. Adabu ya Kiislamu humtaka mtu asielekee wala kukipa mgongo kibla wakati wa haja. Kutoka Nairobi, Makka iko kaskazini, ikielemea mashariki kidogo tu. Hivyo vyoo vikipangwa mtu akae akitazama mashariki au magharibi, suala limekwisha. Uamuzi huo haugharimu shilingi ukifanywa kwenye karatasi, na hugharimu jengo zima ukikumbukwa baada ya saruji kukauka. Tundu moja lenye mlango mpana na vishikio huwafaa wazee, wajawazito na wenye ulemavu, na chumba cha pembeni chenye maji na pipa lenye kifuniko huwafaa wasichana walio katika hedhi.

Uwanja wa wazi nao hubuniwa kwa saa. Alfajiri ni wachota maji. Asubuhi ni wafuaji na chekechea. Baada ya saa tisa ni watoto wa shule, na jioni vijana wa mpira, ambao wakiachiwa watautawala uwanja wote. Mwisho wa wiki huja vikundi vya kuweka akiba, harusi, matanga na ibada. Sehemu moja kubwa isiyo na mgawanyo humwachia mwenye nguvu. Ngazi, mti mmoja mkubwa, ukuta mfupi wa kukalia na tofauti ya sakafu huweza kugawa nafasi bila uzio, ili watoto wadogo wawe na pembe yao hata mechi ikiwa imepamba moto.

Ukumbi mdogo unafaa uachwe bila kazi moja maalumu. Asubuhi huwa darasa, mchana huwa mahali pa mafunzo, jioni huwa pa mikutano. Kabati za kufunga pembeni huwezesha kila kikundi kutunza vitu vyake bila kukihodhi chumba. Meza ya msaada wa kisheria na wa vitambulisho, hata ikifunguliwa siku moja kwa wiki, ina uzito wa pekee hapa: kwa miaka mingi vijana wa Kinubi walipitishwa kwenye kamati za uchunguzi kabla ya kupewa kitambulisho, na bila kitambulisho mtu hawezi kusajili laini ya simu wala kufungua akaunti ya benki.

Hesabu ya kila mwezi

Ujenzi hupata wafadhili. Matunzo hayapati. Hapo ndipo huduma zinapobeba bustani, na hesabu yake inafaa kufanywa wazi kabla ya kuchimba msingi. Uchukuliwe mfano wa kukadiria wa kituo chenye vyoo vinavyotumiwa na watu 200 kwa siku, kila mmoja akilipa shilingi 5. Kwa siku ni shilingi 1,000, na kwa mwezi 30,000. Watunzaji wawili wa zamu wakilipwa 9,000 kila mmoja, zinakwenda 18,000. Maji yakigharimu 4,000, sabuni, dawa na karatasi 2,500, na akiba ya kunyonya majitaka 3,000, matumizi yanafika 27,500. Zinabaki 2,500 za kurekebisha mlango, bembea na taa.

Mfano huo unaonyesha jinsi nafasi ilivyo nyembamba. Watu wakipungua hadi 180 kwa siku, mapato yanashuka hadi 27,000 na kituo kinaingia deni la 500 kila mwezi. Choo kimoja kipya cha kulipia kikifunguliwa jirani kinatosha kuleta upungufu huo. Ndiyo maana kituo kisitegemee choo peke yake. Kibanda cha maji, karo za kufulia, kukodisha ukumbi, vibanda viwili vitatu vya biashara na mauzo ya mboji huongeza mkondo mmoja mmoja wa fedha, na mmoja ukikauka mingine huendelea.

Si kila kitu kilipiwe. Kivuli, viti, njia na uwanja wa watoto hubaki bure, kwani ndivyo vinavyofanya mahali paitwe pa umma. Watoto wadogo na wazee wasiojiweza waruhusiwe choo bila malipo, na gharama hiyo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Familia za karibu zinaweza kulipa kwa mwezi kwa bei nafuu, utaratibu ambao humpa mtunzaji uhakika wa mapato na kumwondolea mama wa watoto watano mzigo wa kuhesabu shilingi kila asubuhi.

Kuna mfano mwingine Kibera wa kukitazama kituo kwa ukubwa. Kibera Town Centre, kilichoanzishwa na shirika la Human Needs Project, hukusanya chini ya paa moja kisima kirefu, vyoo, bafu za maji moto, mashine za kufulia, mafunzo ya kompyuta na mgahawa, kikiendeshwa na wafanyakazi wa kuajiriwa. Kituo kikubwa cha aina hiyo hudhibiti ubora wa maji na hesabu vizuri zaidi. Viwanja vidogo vya vikundi huwa karibu na nyumba, na kwa choo na maji umbali ni kila kitu: mtu hatembei nusu saa usiku kutafuta choo. Mpango wa mtaa mzima huhitaji vyote viwili, kimoja kikubwa barabarani na vidogo vingi ndani.

Nani anashika ufunguo

Kikundi kinachoendesha kituo huanza na ari, kisha hukabiliwa na kishawishi. Mapato yakianza kuingia, wanachama wachache huweza kuyafanya yao, kikundi kikageuka mwenye ploti mpya na wakazi wakarudi kuwa wateja. Katika mtaa wenye makabila mengi hatari huongezeka, kwa sababu ubadhirifu wa mtu mmoja husomwa kuwa njama ya watu wake wote.

Dawa ni kutenganisha mamlaka. Kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 huendesha huduma na kutoa hesabu. Kamati nyingine ndogo, yenye wawakilishi wa vijiji vinavyopakana, wapangaji, wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, huamua ratiba ya uwanja na ukumbi, na kusikiliza malalamiko. Asiyeshika fedha ndiye anayepanga matumizi ya nafasi, na anayeshika fedha hana uwezo wa kumfungia mtu lango. Malipo yakipitia M-Pesa, kila shilingi huacha alama, na muhtasari wa mwezi ukibandikwa ukutani kwa Kiswahili chepesi, mtu yeyote anayesubiri zamu ya choo anaweza kuusoma na kuuliza. Ajira za utunzaji zigawanywe kwa zamu, zisiwe za ukoo mmoja, na katiba ya kikundi itamke muda wa uongozi.

Kaunti nayo haikwepi wajibu. Kikundi kinaweza kubadilisha bomba lililovuja, lakini hakiwezi kujenga upya gabioni iliyobebwa na mafuriko wala kulipia bomba kuu la majitaka. Mgawanyo huo uandikwe katika makubaliano yanayotaja nani anatengeneza nini, na kwa muda gani. Makubaliano hayo pia ndiyo kinga ya karibu zaidi kwa ardhi isiyo na hati. Julai 2018 ubomozi wa kupisha barabara ulipita Kibera na kuondoa nyumba na shule. Kiwanja kilicho kwenye rejista ya mali ya kaunti, chenye kikundi kilichosajiliwa na mkataba wa matumizi, hakiwezi kuhakikishiwa usalama kamili, lakini kina mahali pa kuanzia kudai fidia au eneo mbadala.

Hata bustani zenye hati hulindwa na watu. Jeevanjee Gardens, zawadi ya mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee kwa wakazi wa mji mwaka 1906, iliokolewa mwaka 1991 isigeuzwe jengo la maegesho, baada ya upinzani ulioongozwa na mjukuu wake Zarina Patel. Miaka miwili kabla, mwanamazingira Wangari Maathai aliongoza upinzani dhidi ya jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Mara zote mbili, bustani ilikuwa na watumiaji waliokuwa tayari kujitokeza kuitetea. Kituo cha huduma huwatengeneza watumiaji hao kila siku.

Kutoka kiwanja kimoja hadi mtandao

Kiwanja kimoja hakisafishi mto. Taka zinazotupwa Kianda huteremka hadi Silanga, na ukuta uliojengwa mahali pamoja husukuma maji yaende kula ukingo wa jirani. Kwa hiyo viwanja hufaa kupangwa kwa kufuata mkondo wa maji, kuanzia juu kwenda chini, kila kimoja kikipunguza kasi ya mafuriko na kukusanya taka za eneo lake. Kazi iliyofanyika Kibera imeelekea huko: kutoka eneo moja mwaka 2006, viwanja vimeongezeka kimoja kimoja kando ya vijito, kila kimoja na kikundi chake, na vikundi hivyo hukutana kubadilishana bei, mafundi na mbinu.

Mafanikio ya kazi hii hupimwa baada ya miaka mitano au zaidi, na vipimo vyake ni vya kawaida. Je, choo kiko wazi saa mbili usiku? Je, bei ya mtungi wa maji imepanda kuliko ya wachuuzi wa jirani? Je, watumiaji wanatoka vijiji vyote vinavyopakana, au kimoja tu? Je, kuna mwanamke kati ya wanaotia sahihi benki? Je, hesabu ya mwezi uliopita iko ukutani? Kiwanja kinachojibu maswali hayo vizuri kinaweza kuongezewa chekechea, maktaba au ofisi ya huduma za serikali, kwa sababu kina watu, fedha na uongozi wa kuzibeba. Kisichoweza kuyajibu kirekebishwe kwanza kwenye uendeshaji wake, kabla ya kuongezewa jengo jingine.